Manike za Wageni

Nyumbani kwa mama yangu, Musonoi, kuna kabati la vioo ambalo sisi watoto tulikatazwa kuligusa tangu tulipokuwa tunatambaa. Ndani yake kuna sahani za maua, glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea maji, picha ya marehemu baba amevaa kofia ya mgodini, na manike. Hizo manike ndizo ninazotaka kuzisema. Ni vile vitambaa vya pembe nne, vinene, ambavyo kwa watu wengine hutumika kushikia sufuria ya moto isiwaunguze. Kwa mama yangu manike hazikushika sufuria. Zilikaa kabatini, zimepigwa pasi, zimepangwa moja juu ya nyingine, zikingoja wageni.

Na wageni wakija, mara nyingi watu wa kanisa, mama alitoa manike moja akaiweka katikati ya meza, kisha akatoka nje kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, akaleta sufuria. Aliileta kwa mikono mitupu. Nasema tena, maana watu wa mbali hawaniamini: aliibeba sufuria ya bukari, ugali wetu, inayofuka mvuke kwa vidole vyake, akavuka nayo uwanja, akaingia ndani, akawasalimu wageni mmoja mmoja, akauliza na habari za watoto, ndipo akaitua taratibu juu ya kile kitambaa chenye ua ili meza isiungue. Meza! Mikono haikuwa na neno.

Sisi tulijivunia. Mtaani kwetu mwanamke anayetafuta kitambaa ndipo ashike sufuria alichekwa kwamba ana mikono ya ofisini. Mama alikuwa anarudisha kaa lililoanguka kwa vidole, anageuza samaki kwa vidole, anaonja mafuta yanayochemka kwa ncha ya kidole. Mimi nilipojaribu nikiwa msichana nililia mpaka jirani akatoka kuuliza nani amekufa.

Manike mama alijifunza kwenye foyer, nyumba ya kampuni ya kufundishia wanawake, kabla sijazaliwa. Baba alikuwa mfanyakazi wa mgodi, mtoto wa watu walioletwa kutoka Kasai kuja kutoa shaba, na wake za wafanyakazi waliitwa mchana kujifunza kushona, kuogesha mtoto, kupanga meza kwa uma na kisu. Mama alipenda broderi, yaani kudarizi, kuliko vyote. Alifundishwa ua moja tu, margariti, petali nyeupe ndefu na jicho la njano, ua ambalo yeye hajaliona likiota mahali popote wala mimi sijaliona. Alifundishwa kukata vipande, kuviunga, kuweka blanketi kuukuu katikati, kufunga ukingo, mwisho kushona lile ua. Zikiisha, manike zilipigwa pasi na kubandikwa ukutani ili wakubwa na wake zao waje wazitazame. Chumba kile hakikuwa na jiko. Hakuna aliyeleta sufuria. Kwa hiyo mama alijua kila kitu cha manike isipokuwa kazi yake. Neno lile manike, la Kifaransa, kwake lilikuwa jina la kitu kizuri cha pembe nne cha kuwekea wageni. Kitu cha kushikia moto kilikuwa na jina lake: kilamba, yaani tambara. Na tambara ni la watu wa mikono laini, si la mama yangu.

Mimi ni mshonaji. Nina mashini yangu mjini Kolwezi, kwenye kibanda karibu na soko, na vumbi jekundu la malori likiingia nafunika kitenge cha mteja kwanza, mapafu yangu baadaye. Nina hasira za karibu. Nilizirithi kwake, na yeye anasema nilizitoa kwa baba, ambaye hawezi tena kujitetea.

Jumapili moja baada ya kanisa nilikwenda kumwona. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mbele ya mbabula, anapika sombe, majani ya muhogo. Akafunua kifuniko cha sufuria akabaki amekishika, huku ananisimulia habari za rafiki yake wa Kasulo, ambaye wachimbaji wamemchimbia mpaka chini ya jikoni, hata akitwanga anasikia mtu anagonga kule chini kama anamjibu. Hadithi ilikuwa tamu. Nilikuwa nacheka. Kisha nikasikia harufu.

"Mama, kwiko samaki leo?"

"Samaki ya wapi? Ni sombe tu. Juu ya nini, unatamani samaki?"

Nikatazama mkono wake. Kifuniko kilikuwa kimelala nusu juu ya makaa, na dole gumba lake lilikuwa juu ya bati, limetulia kama mtu aliyelala usingizi. Nilipiga kelele. Nilimpiga ule mkono, kifuniko kikaanguka. Naye akaugeuza mkono wake akautazama bila haraka, kama vile ulikuwa wa mtu mwingine aliyeketi karibu.

"Ah," akasema. "Kweli. Mikono yangu inalala kiloko siku hizi."

Kumbe ule ushujaa wote! Sijui ulianza lini kuwa ugonjwa. Labda kwa miaka mingi ulikuwa ushujaa kweli, kisha siku moja ukawa kitu kingine, na sisi tukaendelea kujivunia.

Hospitalini walisema ni sukari. Muuguzi, mama mmoja mwenye sauti ya pole, alimchomachoma vidole kwa ncha ya kalamu akamuuliza anasikia nini. Mama alijibu anasikia vizuri, aksanti, kama mtu anayejibu salamu. Muuguzi akanivuta pembeni. Mama yako vidole vyake havisikii tena, akaniambia, na moto hautangoja mpaka asikie. Kidonda kidogo tu kwa mtu wa sukari kinaweza kukataa kupona, na kikikataa, tutakata. Basi kila kitu cha moto akishike na kitambaa kinene. Umesikia, mwanangu? Kitambaa kinene.

Nilikaribia kucheka kwa furaha. Kitambaa kinene! Niko na ghala zima la vipande chini ya meza yangu. Nilirudi mjini nimekaa nyuma ya mota, yaani pikipiki, vumbi machoni, nikimshukuru Mungu kwamba amempa mama ugonjwa ambao dawa yake ni kushona.

Nilizishona vizuri, sikatai. Nilichagua vitenge vizito vilivyobaki kwenye kazi za harusi, nikakata pembe nne, nikaweka blanketi ndani, na juu ya blanketi jinzi, na tena blanketi. Nikapitisha mashini kwa mistari ya kukatana ili ndani pasitembee, nikafunga ukingo, nikaweka na kitanzi cha kutundikia. Nilizijaribu mwenyewe na pasi ya moto. Moto haukupita. Nikampelekea, nikapigilia msumari ukutani karibu na mbabula, nikazitundika.

"Manike zako hizi, mama."

Sikujua kwamba nimeharibu kila kitu kwa neno moja.

Nilipokuja tena, msumari ulikuwa mtupu. Mama alikuwa anakoroga bukari kwa mikono yake ile ile. Nikaingia ndani, nikaenda moja kwa moja kwenye kabati. Zilikuwa pale, juu kabisa, zimepigwa pasi, na kila moja ina margariti katikati.

"Mama! Nilikushonea za kushikia sufuria!"

"Njo hizo. Nilikumalizia. Ulisahau maua."

"Sikusahau! Sikutaka maua!"

"Manike bila ua?" Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mamu wetu! Batu bataona kazi yako mu nyumba yangu, batasema mutoto wangu hajue kumaliza."

Basi nikasema nitashona mbaya. Kama uzuri ndio unaozipeleka kabatini, nitashona kitu kibaya hata yeye mwenyewe akichukie. Dereva mmoja alikuwa ameniletea salopeti yake, lile vazi zima la kazi, kukata miguu. Ile miguu ilibaki kwangu, na madoa ya oili ambayo hata sabuni ya mtu mwenye bidii haiwezi kuyatoa. Nikaishona hivyo hivyo, na madoa yake. Mama aliipokea, akaipindua, akanusa.

"Hii ni kitambaa ya wanaume ba kazi," akasema. "Iko nguvu. Iko ya heshima."

Nikajua nimekwisha. Aliweka margariti juu ya doa kubwa, akaipeleka kukaa karibu na picha ya baba.

Nikajaribu gunia. Nani atadarizi gunia? Mama yangu. Alipitisha uzi mweupe katikati ya maandishi ya kiwanda, akanionyesha kwa fahari jinsi nyuzi za gunia zinavyosaidia kupima petali ziwe sawa, eti ni rahisi kuliko kitenge. Alicheka, na mimi nikacheka naye, kwa sababu ua lilikuwa zuri kwa kweli, na kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na uso wangu.

Ndipo nikakumbuka lile neno. Nikarudi na nyingine, nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, nimekuletea kilamba." Akaipokea. Akapitisha kidole kwenye ukingo, kidole kisichosikia kitu, lakini kinajua.

"Kilamba gani iko na pembe ine? Kilamba iko na ukingo?"

"Ni kilamba tu, mama."

"Weye unanicheza."

Nikaenda mbali zaidi. Nikapanga matambara bila kukata sawa, nikayaunga ovyo ovyo na nyuzi za rangi tofauti, kitu ambacho mwanafunzi wangu angeniletea ningemtupia nje. Hapo mama alikasirika kweli. Aliuliza kama huko mjini nimeanza kunywa. Mushonaji muzima, akasema, unaletea mama yako takataka? Akachukua mkasi, akapunguza, akapinda, akafunga ukingo kwa mkono. Nilipokuja mara ya pili kilikuwa kabatini, nacho na ua lake.

Niliona na kitu kingine siku hiyo. Jicho la margariti lilikuwa jekundu. Maisha yake yote alilishona la njano. Nikamuuliza, akasema uzi wa njano umeisha sokoni. Nikaitazama karibu na dirisha, nikaona kwamba chini ya ule uzi mwekundu kuna doa, na pembeni kuna jingine dogo ambalo uzi haukulifikia. Alikuwa anajichoma na sindano bila kusikia, damu inaingia kwenye kitambaa, kisha anaifunika na jicho la ua. Nikazitoa zote kabatini nikazipanga juu ya meza. Zile za karibuni zote zilikuwa na macho mekundu.

Nililia, lakini kwa hasira. "Utamaliza hiyo mikono! Vitambaa ni vya kuilinda mikono, na weye unaimaliza juu ya vitambaa!"

"Usipandishe sauti. Majirani banasikia."

"Basikie!"

Nilikwenda kwa jirani wa mlango wa pili, mama mwenye roho nzuri aliyetuona tukikua, nikamwomba achukue sindano zote za mama azifiche kwake. Akazichukua.  Mama alisubiri niondoke, akaenda mlangoni kwa huyo huyo jirani kumwomba sindano ya kushonea kifungo. Jirani angesema nini? Wamezeeka pamoja. Wamezikiana waume. Akampa.

Halafu nikapata wazo ambalo nililiona kubwa. Kama manike ni za wageni, basi nitakuwa mgeni. Siku hiyo nilivaa kitenge kizuri na kitambaa cha kichwa, nikasimama nje ya mlango wa nyumba niliyozaliwa ndani yake, nikapiga hodi. Mama akachungulia.

"Weye njo nani?"

"Mi ni mugeni, mama. Nimetoka mbali. Nasikia hapa kwiko chakula na manike mazuri."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaingia kwenye mchezo, maana anapenda mchezo. Karibu mugeni, ikala, pole na njia. Akafungua kabati. Akachagua manike kwa muda mrefu, akatoa ile ya vitenge vya harusi. Mimi moyoni nilikuwa naruka. Akaiweka mezani mbele yangu, akainyosha kwa kiganja, akatoka nje. Akarudi na sufuria mikononi. Mikono mitupu. Akaitua juu ya ua.

"Kula, mugeni," akasema.

Nilikula. Chakula kilikuwa kitamu, chumvi ya kutosha. Machozi yalitaka kutoka nikasema ni pilipili.

Mnaweza kuniuliza kwa nini sikumkataza kupika. Nilimkataza. Nilimwambia aje akae kwangu mjini; akasema nyumba yangu ni kibanda cha mashini chenye kitanda, na hapo hakukosea. Nilimwambia nitamlipa msichana ampikie. Akauliza huyo msichana mama yake amekufa, kwamba anatafuta mwingine? Nilimwambia jirani yuko tayari kumletea sahani kila siku. Mgodini walilipua, kama wanavyolipua kila mara, vioo vya kabati vikatetemeka, naye akangoja vitulie.

"Sikiliza," akasema. "Tata yako alikufa. Batoto mulienda. Shimo ya mugodi inakuya, kila mwaka iko karibu, hata hii nyumba sijui kama itabaki. Mi niko na nini? Niko na mbabula. Mutu anakuya, namupikia, anakula, njo kusema hii nyumba iko na mwenyewe. Siku sipike, ni nyumba ya nani?"

 Mimi mwenye mdomo, ninayebishana na wateja mpaka wanasahau walichokuja kudai, nilichukua mkoba wangu nikaenda kutafuta mota. 

Kilichotokea kilitokea majira ya mvua. Mvua ilimlazimisha kuingiza mbabula barazani, kaa likaanguka sakafuni, akaliokota kwa vidole akalirudisha. Basi. Jambo ambalo amelifanya maisha yake yote, ambalo kila mwanamke wa mtaa ule amelifanya. Lakini mwanamke mwingine anaokota kaa na kulitupa kwa pamoja, kwa sababu linamuuma. Mama hakuwa na cha kumharakisha. Aliliokota, jirani akamwita kutoka upande wa pili wa uwanja, akajibu, wakaongea kuhusu mvua, ndipo akalirudisha.

Kidonda alikificha. Kila nilipokuja mkono ulikuwa chini ya kitenge, au anasema amekanda unga, au anasema ana baridi. Nilidhani baridi ni ya mvua. Ni jirani aliyenipigia simu, sauti imekauka, "Mutoto, kuya uone mukono ya mama yako." Nilikuta kabati limefungwa na manike zote ndani. Nilifungua kitambaa alichojifungia. Alijifungia kwa kilamba.

Daktari alikuwa kijana, mpole, alizungumza naye moja kwa moja bila kupitia kwangu, na mama alilipenda hilo. Akamweleza kwamba vidole vya mkono wa kulia vimekufa na kifo kinapanda. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, mkono umelala juu ya mto mbele yao.

"Munganga," akasema, "utaniachia mbili. Ya kushika sindano."

Daktari akasema atajaribu. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa. Alijaribu. Nilimwona alipotoka, shati limelowa jasho, akaniambia: vidole viwili, kama alivyoomba. Nilimshika mikono nikamshukuru.

Ni dole gumba na kidole cha mwisho. Viwili, ndiyo. Ila havikutani. Nilimkuta siku moja kitandani, bendeji imepunguzwa, anavisogeza kimoja kuelekea kingine, taratibu, uso umekazwa kama wakati anapitisha uzi. Vilisogea vikaishia njiani. Akapumzika. Akaanza tena. Nilirudi nje kwenye korido nikajifanya natafuta muuguzi.

Tulirudi Musonoi siku ya jua. Jirani alikuwa amefagia uwanja, ameweka makaa kwenye mbabula, yamewaka tayari, kisha akatuacha wenyewe kwa heshima. Mama aliingia akatazama nyumba yake: meza, kiti, kabati, picha. Nikamketisha kwenye kiti kinachotazama mlango, nikamfunika magoti. Nikamwambia leo ninapika mimi, na yeye hakubisha. Hilo lilipaswa kuniambia kitu, lakini mimi nilishukuru tu kwamba habishi.

Nilipika bukari na matembele, na samaki mdogo, vile anavyopenda. Nilikoroga mpaka mabega yakauma. Nikafungua kabati bila kuomba ruhusa, nikachukua manike mbili, nzuri kuliko zote, zile za kwanza nilizomshonea, margariti zake bado zina macho ya njano. Nilifikiri: sasa. Angalau sasa zitafanya kazi yake. Nilifikiri hata atafurahi kuniona nazo. Nikashika sufuria nazo, huku na huku, nikaibeba, nikavuka uwanja nikaingia.

Aliziona manike kabla ya kuniona mimi. Akakaa wima. Kwa mkono wa kushoto akavuta kitenge chake, akakinyosha, akaficha bendeji chini yake. Akatazama mlango nyuma yangu.

"Kwiko bageni?"

"Hapana, mama."

"Ni banani banakuya? Ungeniambia mbele, ningevaa."

"Hakuna mutu anakuya. Ni juu yako njo nimezitoa. Ni ya weye."

Hakuelewa kwanza. Nilimwona anatafuta. Akatazama ua la kulia, akatazama ua la kushoto, akatazama sufuria, mbabula kule nje, kisha akanitazama mimi nimesimama mlangoni mwake nimemletea chakula.

"Ya mi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi mi njo mugeni." Hakuniuliza. Alisema tu, polepole, kama mtu anayesoma jina lake ukutani. "Mu nyumba yangu. Mi njo mugeni."

 Nilibaki nimesimama na sufuria inayofuka mvuke, sijui pa kuitua. Manike zilikuwa nene, zimeshonwa sawasawa, na mikono yangu haikusikia moto hata kidogo.